Cheti Kilichobaki Nyumbani

3 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, wifi na watoto, na kelele za vyuma vyako. Mimi sijambo. Kikohozi kilichonisumbua kimekwisha, na chumba tulichokaa watu wanne sasa tumebaki watatu, kwa hiyo napata pa kuweka viatu.

Mama magoti yake vipi? Yale mafuta ya kuchua niliyompa mtu aje nayo, mwambie asiyafungie kabatini akingoja wageni. Ayapake. Namjua. Kwenye barua yako ya mwisho alikuambia uniandikie nisilale bila kula. Nilikuwa nakula nilipoisoma, nikacheka peke yangu, wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Sasa jambo lenyewe. Unajua tangu nifike huku, mwaka wa nne huu, nafanya usafi hospitalini. Ghorofa yangu ni ya tatu, kwenye maabara. Nafuta meza, naosha chupa, namwaga taka. Hadubini zao nazifunika vitambaa jioni na kuzifunua asubuhi, ila sijawahi kuinamia hata moja. Mwezi uliopita walibandika tangazo ukutani kwamba wanatafuta mtu wa kupima damu. Nikapita mbele ya tangazo hilo na ndoo yangu, napita na kurudi. Mwishowe nikabisha mlango wa mkuu wa maabara, mama mmoja mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, nikamwambia kazi hiyo nimeisomea chuoni na kuifanya kwetu kabla sijaja.

Akanitazama, akatazama na ndoo.

"Mbona hukusema siku zote?"

"Hakuna aliyeniuliza, mama."

Amesema nafasi ataishikilia mpaka mwisho wa Agosti, ila sharti nilete cheti kilichothibitishwa kwetu.

Cheti kiko kwako. Unakumbuka yule wakala aliyenitafutia kazi alivyotukataza tusibebe vyeti, kwamba viza ni ya wafanya usafi na mtu mwenye stashahada atashukiwa uwanja wa ndege. Nikakupa bahasha ya kaki, ukaitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama. Naomba ukitoe. Kinatakiwa kigongwe mihuri minne: baraza la mitihani, wizara ya elimu, wizara ya mambo ya nje, halafu ubalozi wa nchi hii. Bila mihuri hiyo huku cheti ni karatasi ya kufungia karanga.

Nakuomba wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwomba, na kwa sababu cheti hicho tulikipata wote wawili.

Mdogo wako,
Kitinda

17 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Barua yako ilikaa posta mpaka ikaota ndevu, lakini imefika. Huku hatujambo. Mimi ni macho tu yananiwasha. Ukiukodolea moto wa kuchomelea miaka yote hii, mwisho nao unakukodolea wewe. Mkubwa ameingia sekondari, suruali zote zimemwacha. Mdogo ameng'oka meno ya mbele, anaongea kama mzee wa baraza. Wifi yako anakusalimu mno. Siku hizi naye kapata kibarua pale hospitali ya wilaya, mambo madogo madogo, anatoka asubuhi anarudi jioni. Ndiyo maana kile chumba cha nyuma kimeezekwa.

Mama yupo, magoti ni yale yale. Mafuta ameyapaka goti moja, la pili anasema linangoja lione kwanza. Anasema hivi, nakuandikia maneno yake: "Mwambie kazi ni kazi, ila na nyumbani ni nyumbani. Aje nimwone."

Kuhusu cheti, nimekwenda. Baraza la mitihani wamehama jengo. Nilipowapata, kijana wa dirishani akaniambia mwenye cheti lazima aje mwenyewe. Nikamwambia yuko ng'ambo. Akasema basi nimngoje arudi. Nilibishana naye mpaka watu wa nyuma wakaanza kunguruma, nikaondoka.

Nimerudi nikawaza, kuna haraka gani hasa? Usafi nao ni kazi, unalipwa, huumwi mgongo. Hao wakikupa kazi ya maabara watakupa na lawama zake. Wewe tulia. Mambo haya yanataka subira, nitayafuatilia taratibu.

Ndimi kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za watoto. Mwambie mwenye mapengo asiogope, meno yatarudi makubwa kuliko mdomo.

Maneno ya Mama nimeyasoma mara nyingi. Nikipata kazi hiyo nitakuwa na likizo ya kweli yenye tiketi. Mwambie nitakuja, na goti la pili alipake.

Nilikwenda kwenye ubalozi wetu huku. Bibi wa mapokezi amenieleza kwamba ndugu anaruhusiwa kufuatilia kwa niaba ya mwenye cheti, mradi awe na barua ya idhini iliyotiwa saini mbele yao. Nimeisaini na nimeiambatisha hapa. Kwa hiyo kijana wa dirishani alikosea, au hakukuelewa, au sijui.

Umeandika kwamba huku siumwi mgongo. Kaka, mgongo naumwa, lakini si huo ninaoulalamikia. Asubuhi nafunua hadubini, naona mtu aliyenikuta hapa, mdogo kwangu, anakaa kwenye kiti, anasoma damu, anaandika. Mimi naokota glavu zake chini. Siku moja aliacha kioo chenye tone la damu mezani akaenda kunywa chai. Nilijua nikiinama tu nitakiona kilichomo. Sikuinama. Nilikwenda kuosha chupa.

Wifi hongera zake. Hukusema hospitalini anafanya nini. Kama ni uhudumu wa wodini, mwambie ajifunike mikono vizuri.

Nakungoja. Agosti si mbali.

Kitinda

9 Juni

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mambo yaliingiliana. Mwezi uliopita nyumba ilijaa watu, wa karibu na wa mbali, hata viti tuliazima kwa majirani. Sijapata muda wa kushika kalamu. Wifi yako alipewa likizo fupi kazini, sasa amesharudi. Watoto wanasoma.

Mama usimwazie sana. Hana maumivu tena. Magoti yamemwachia kabisa. Nyumbani kumetulia.

Sasa nina habari mbaya kidogo. Nilipofungua sanduku nilikuta mchwa wamepanda kutoka sakafuni, wamekula bahasha na vilivyomo. Cheti hakifai. Nimesikitika kuliko wewe utakavyosikitika, maana ni mimi niliyekiweka pale. Ila ndivyo ilivyo, hatuwezi kuwashtaki mchwa. Nakushauri uachane na jambo hili. Kuomba kingine kutakuchosha. Watu wanafuatilia vyeti mpaka wanastaafu. Mwambie huyo mama wa maabara kwamba imeshindikana. Heshima yako itabaki pale pale.

Macho yananisumbua, naishia hapa.

Kaka yako

30 Juni

Kaka,

Shikamoo. Pole kwa macho. Vaa ile miwani nyeusi, usiitundike ukutani kama picha.

Habari ya Mama imenifariji. Nilikuwa na hofu nisiyoielewa, nalala naamka nayo, na barua yako imeniondolea. Siku ya mshahara nilimnunulia blanketi la sufu, jepesi, la rangi ile ya udongo anayoipenda. Nimelituma kwa njia ya meli, litachelewa. Likifika ajifunike magoti hata kama hayaumi.

Hukuniandikia maneno yake safari hii. Amenikasirikia kwa kutokuja? Mwambie aniseme yeye mwenyewe, nitavumilia.

Mchwa nimewasamehe. Nimeandika moja kwa moja kwa baraza la mitihani kuomba cheti kingine badala ya kilichoharibika. Nimewapa namba yangu ya mtihani na mwaka niliomaliza. Bibi wa ubalozini amenisaidia kuandika, amesema wakilitafuta jina langu kwenye madaftari yao wakalikuta, hawana la kunikatalia. Kwa hiyo usihangaike tena.

Kitinda

16 Julai

Kitinda,

Nimepokea barua yako leo na nakujibu leo hii hii.

Ondoa ombi lako. Waandikie baraza uwaambie ulikosea, cheti kipo. Na kweli kipo. Mchwa walikula pembe tu, nilitishika nikadhani kimekwisha. Usiwaache watu wa baraza waanze kulitafuta jina lako huku na huku. Nitaishughulikia mihuri mimi mwenyewe, nipe mpaka mwakani.

Usiniulize kwa nini. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Nakuomba hiki, kama kaka.

Wote hawajambo.

Kaka yako

8 Agosti

Kaka,

Leo sikuamkii.

Jumatano nilikuwa nafuta ngazi, wakaniita ofisini kwamba nina simu kutoka nyumbani. Nilipanda mbio nikidhani ni wewe. Alikuwa Kijiti, yule mwembamba niliyesoma naye chuo, aliyekuja kwetu likizo moja akala sahani mbili na Mama akashangaa chakula kinakwenda wapi. Sasa ni mkaguzi wa maabara za hospitali.

"Uko huko kweli?" akaniuliza.

"Niwe wapi tena? Si umepiga namba ya huku?"

"Basi pole kwa Mama."

"Mama ana nini?"

Nilisikia anavyohema. Akasema, "Kumbe hujui."

Kaka, hivyo ndivyo nilivyofiwa. Nimesimama mezani kwa karani, glavu za mpira mikononi, watu wanapita na mafaili.

Nilipoweza kusikiliza tena, aliniambia yote. Alikwenda kukagua hospitali yenu ya wilaya. Muuguzi mkuu akamwomba awe mpole kwa mtaalamu wao wa maabara, kwa kuwa alifiwa na mama yake mwezi Mei na bado hajakaa sawa. Kijiti akauliza jina. Akatajiwa jina langu, langu na la baba. Anasema alifurahi na kulia kwa pamoja, kwamba kumbe nimerudi na sikumwambia, na tena Mama amekufa. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa akingoja anikumbatie. Mlango ukafunguliwa, akatoka mke wako. Koti jeupe, kadi kifuani, jina langu limeandikwa.

Kijiti alimtambua, maana wifi ndiye aliyempakulia zile sahani mbili. Yeye hakumtambua Kijiti, maana Kijiti amenenepa sasa. Kijiti akamuuliza, "Wewe ndiye fulani?"

"Ndiye mimi."

"Pole na msiba."

"Asante. Tumeshapoa."

Tumeshapoa. Mimi nilikuwa dukani nachagua rangi ya blanketi.

Uliniandikia hana maumivu tena. Uliniandikia magoti yamemwachia. Ulikaa ukachagua maneno hayo, Kaka, yasiwe uongo na yasiwe kweli, na mimi nikayasoma nikashukuru. Ningekuja. Ningekopa nauli, ningeacha kazi, ningekuja kwa miguu. Na ndiyo maana hukuniambia, sivyo? Hamkutaka niwepo.

Kijiti anatakiwa kupeleka ripoti mwisho wa Septemba. Amesema ataandika nitakachomwambia.

Kabla sijamjibu nataka unieleze. Mama aliugua nini? Alitibiwa wapi? Nani alisoma damu yake?

Sina la zaidi.

2 Septemba

Kitinda,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umeandika kama unamwandikia mtu wa barabarani. Sawa. Nitakujibu.

Mama alishikwa na homa mwezi Mei. Tulimpeleka hospitali ya wilaya, akapewa dawa, tukarudi naye. Siku mbili tatu hivi akawa mzuri. Halafu akaanza kuongea maneno yasiyoshikana, akimwita baba, akikuita wewe. Tulipomrudisha hakufika. Alikata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwangu.

Nilikwenda posta kukupigia simu. Niliwapa namba, nikakaa kwenye kiti nikingoja waniunganishe. Nikiwa pale nikapata akili kwamba hospitali nzima inakuja kumzika mama wa mwenzao, na wamekodi basi. Nikamwambia wa posta aache, nikatoka.

Ungekuja ungekaa wapi, hebu niambie? Mbele walimweka wifi yako, yeye ndiye mtoto. Watu wa hospitali wanamwita kwa jina lako, majirani wanamwita kwa jina lake, na mimi nakimbia katikati yao kama mbwa wa kuchunga, wasisogeleane wakaongea. Nimemzika mama yangu hivyo. Sikupata hata nafasi ya kulia. Unadhani ni wewe peke yako uliyenyimwa msiba?

Unataka kujua ilianzaje. Wifi yako aliosha chupa kwenye ile zahanati ya mtu binafsi miaka, unajua. Yule bwana wa maabara alikuwa akilewa, anamwachia kazi, akajifunza kwa kuangalia. Zahanati ikafungwa. Hospitali ikatangaza nafasi, wanataka cheti. Mimi kazi zilikuwa zimekauka, macho hayaoni pa kuunganisha chuma na chuma, mageti yangu yanarudishwa. Na cheti kimelala sandukuni, mwenyewe yuko ng'ambo anadeki. Nikasema hakimfai kitu kikiwa humo. Hakina picha. Jina la mwanamke ni jina la mwanamke.

Wewe mwenyewe umeandika kwa mkono wako kwamba tulikipata wote wawili. Au ulikuwa unanipamba? Darasani aliyekuwa mbele ni mimi. Baba alipokufa Mama alisema anaweza kusomesha mmoja, na mimi nikatoka nikasema asome mdogo. Hakuna aliyenishika shati. Nikaenda kushika mashine ya kuchomelea sina hata miwani, usiku natiwa maziwa ya mgando machoni yapoe nipate kulala, asubuhi wewe unavaa sare. Macho yangu ndiyo ada yako, Kitinda. Sasa nimechukua karatasi moja nimekuwa mwizi?

Mwambie Kijiti humjui huyo. Mwambie ni mtu wa jina moja nawe, majina yanafanana. Wifi yako akishikwa atafungwa, na mimi nitafungwa, na watoto watakwenda kwa nani? Kwako? Unawalaza wapi, penye viatu?

Blanketi limefika. Sijalifungua.

Kaka yako

24 Septemba

Kaka,

Nafasi imekwenda. Mkuu wa maabara alingoja Agosti ikaisha, akaningoja na wiki moja zaidi kwa hiari yake, halafu akaniita akaniambia hawezi tena. Wameweka kijana mmoja. Ni mpole, nikipita na fagio ananyanyua miguu bila kuambiwa.

Nilimwandikia Kijiti barua mbili. Ya kwanza ilisema hivyo ulivyotaka, kwamba yule ni mtu wa jina moja nami. Nikakaa nayo mfukoni mwa aproni. Nilikuwa nawaona watoto wako. Nilikuwa nakuona na wewe, unaingia jioni umefunga kitambaa machoni na Mama anakushika bega kukuongoza, na mimi nimekaa mezani na vitabu vyangu, nimeambiwa nisipige kelele. Hayo hayajanitoka. Hukuwa na haja ya kunikumbusha. Nilipoandika tulikipata wote wawili sikuwa nakupamba.

Lakini nakuambia ukweli: ungeniomba kukichukua ningekukatalia. Kingine chochote ningekupa, mshahara wote, ningerudi nikuongoze barabarani kwa mkono. Na wewe ulijua ningekukatalia, ndiyo maana hukuomba.

Barua yako nimeirudia nikitafuta jibu la swali langu. Umeeleza homa, umeeleza basi, umeeleza ada. Umejibu na nisiyouliza. Nilipouliza nani alisoma damu ya Mama, umepita pembeni kana kwamba sikuuliza.

Homa ile mimi naifahamu. Kuongea maneno yasiyoshikana, hiyo nayo naifahamu. Wadudu wanakuwa wameshapanda kichwani, na kabla ya hapo walikuwa kwenye damu, wanaonekana kwa anayejua kuwaona. Tulifundishwa kutazama kioo kizima, si kona moja, na usipowaona urudie. Walitupigia kelele mpaka tukalia. Mtu hajifunzi hilo kwa mlevi.

Ile barua ya kwanza niliichana. Ya pili nimeituma. Nimemwambia Kijiti huyo si mimi, nami sikumpa mtu yeyote cheti changu.

Sikufanya kwa ajili ya kazi, nimekuambia haipo tena. Hasira imo, sitakudanganya, imo nyingi. Lakini kila asubuhi kuna mtu huko anamshika mama yake mkono, anamfikisha kwenye dirisha lile, na jina linaloandikwa chini ya majibu ni langu. Sikuweza kuliacha liendelee kuandikwa.

Watoto usiwanyime kuniandikia wakitaka. Kama hawataki, nitaelewa.

Mdogo wako

15 Desemba

Kitinda,

Hatujambo. Sijui nianzeje, kwa hiyo nimeanza hivyo kama zamani.

Wifi yako walimsimamisha kazi mwezi Oktoba. Walikuja askari wawili na yule muuguzi mkuu, wakamvua kadi mbele ya wagonjwa. Alilala ndani, akatoka kwa dhamana. Kesi itasikilizwa mwakani, na mimi nimo. Siku hizi anakaa chumba cha nyuma, hatoki hata kuanika nguo. Mkubwa alipigana shuleni, sikumuuliza kwa nini. Mdogo aliuliza shangazi yake amewafanyia nini. Mama yake akamwambia nyamaza ule.

Polisi walipomaliza kunakili cheti chako kwa ajili ya kesi walinirudishia, mkuu wa baraza la mitihani aliagiza kiende kwa mwenyewe. Nikachukua ile barua ya idhini uliyoisaini, nikaenda nacho. Nilianzia baraza la mitihani. Kijana wa dirishani alikisoma, akafungua daftari, akagonga muhuri. Wizara ya elimu iko mtaa huo huo. Mambo ya nje nilikuta watu wachache. Ubalozini walinipa kiti. Nilikuwa nyumbani kabla watoto hawajatoka shule. Ilichukua asubuhi moja, Kitinda. Nilikuwa sijawahi kwenda. Yule kijana wa dirishani niliyekuandikia habari zake mwanzo nilimtunga, sikuwa nimemwona.

Cheti kimo humu ndani, mihuri yote minne. Hakijaliwa na mchwa popote. Nasikia nafasi nyingine huwa zinatoka. Kama hazitoki, basi.

Nyumbani usije kwa sasa. Sikufukuzi. Kaburi lipo, halitahama, na nitakuonyesha siku nyingine nikiwa naweza kukutazama. Sasa hivi siwezi, na hili si la macho.

Swali lako. Ni yeye. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alimtoboa Mama kidole, akaweka damu kwenye kioo, akainama kwenye ile mashine. Hakukaa sana. Akaandika hakuna wadudu, akanipa karatasi niipeleke kwa daktari. Daktari akaiangalia, akaandika dawa za maumivu. Mama alimshika wifi yako mkono, akamwambia, "Asante, mwanangu, umeniondoa hofu." Hilo wifi yako hajawahi kulitamka tangu siku ile, na mimi sijamuuliza. Tulirudi nyumbani sote watatu, Mama katikati, tunacheka kwa sababu ya kitu alichosema yule mwenye mapengo asubuhi. Tulikuwa na furaha. Karatasi ilisema hana kitu.

Kaka yako